Nafasi Tupu Ndani ya Bodi: Kuongeza Saketi Katika Nyumba ya Tanga

Bodi ya umeme yenye nafasi tupu humdanganya mwenye nyumba. Akifungua kifuniko chake akaona breka nne zimejipanga na pembeni kuna nafasi mbili zilizozibwa, huamini kwamba nyumba yake bado ina umeme wa akiba, na kwamba kilichobaki ni kununua breka, kuvuta waya na kumlipa fundi ujira wa siku moja. Nilivyoelewa baada ya kusimamia kazi hiyo nyumbani kwetu Chumbageni, nafasi tupu ni mahali pa kupachika breka tu. Haisemi lolote kuhusu waya unaotoka kwenye mita, wala joto la darini, wala ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, iliyofukiwa nyuma ya nyumba kabla baadhi yetu hatujazaliwa, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama saketi mpya, yaani njia mpya ya umeme yenye breka yake, itakuwa salama.

Tulihitaji vitu vitatu: kiyoyozi chumbani kwa mama, ambaye hawezi tena kustahimili joto la Januari na Februari, shawa ya umeme, na pampu ya kupandisha maji kwenye tangi. Fundi wa kwanza niliyemwita aliitazama bodi kwa muda mfupi akasema, "Dada, nafasi zipo, kesho tunamaliza." Wa pili, mzee mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambaye aliwahi kumfanyia kazi marehemu baba, siku ile hakuigusa bodi kabisa. Aliomba karatasi na kalamu. "Mwalimu," aliniambia, "niandikie kila kitu kinachotumia umeme humu ndani, hata pasi."

Hesabu yenyewe ni nyepesi: unachukua wati, unagawanya kwa volti, unapata ampea. Umeme wetu wa majumbani umepangwa kuwa wa volti 230. Shawa tuliyoichagua ni ya wati 5,500, kiyoyozi hutumia wati zipatazo 1,200, pampu 750, friji 150, birika la umeme 2,000, pasi 1,200, na taa zote kwa pamoja tulizikadiria wati 200. Jumla ni wati 11,000, yaani karibu ampea 48 endapo vyote vitawashwa kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba havitawashwa vyote kila saa, na mafundi wenye uzoefu hupunguza jumla hiyo kwa sababu hiyo. Mzee hakutaka kupunguza sana. Alisema nyumba zetu zina saa yake mbaya, nayo ni kati ya magharibi na isha, watu wanapooga, chai inapochemshwa, nguo za kesho zinapopigwa pasi na kiyoyozi kinapowashwa kabla ya kulala. Katika saa hiyo hiyo volti za mtaani hushuka. Shawa na birika, kwa kuwa ni vifaa vya kupasha joto tu, volti zikishuka navyo huvuta ampea chache zaidi. Mota ya pampu na kompresa ya kiyoyozi hufanya kinyume, huvuta ampea nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike, na hapo ndipo mota huungua.

Bamba la mita yetu limeandikwa kikomo cha ampea 60, kwa hiyo mita ilitosha. Tatizo lilikuwa katikati, kati ya mita na bodi. Waya uliounganisha viwili hivyo ulikuwa wa milimita za mraba 6, na ndani ya paipu ukutani waya wa namna hiyo hubeba ampea zipatazo 41 kwa kudumu. Hautoshi kwa 48. Nyumba yetu ni ya zamani, ya enzi ambazo kituo cha Hale, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1964 kwa megawati 21, kilikuwa fahari ya mkoa huu, na matumizi ya umeme katika nyumba ya kawaida yalikuwa taa chache, redio na pasi. Kwa matumizi hayo aliyefunga nyaya hizo hakukosea. Lakini mtu angeongeza breka kwenye nafasi zile tupu, waya ule wa kati ungepata moto kila jioni bila breka yoyote kujikata, kwa maana kila breka hutazama saketi yake peke yake na hakuna inayojumlisha. Swichi kuu katika bodi yetu, kama ilivyo katika bodi nyingi, ni ya kuwasha na kuzima tu, haina uwezo wa kujikata yenyewe umeme ukizidi. Tuliamua kuweka waya wa milimita za mraba 16.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo nililisikia likisemwa kinyume kwa miaka mingi. Breka haipo kwa ajili ya kulinda friji, wala televisheni, wala kiyoyozi. Breka hulinda waya uliofichwa ukutani usipate moto kiasi cha kuyeyusha ganda lake. Ndiyo maana ushauri unaotolewa sana mitaani, kwamba breka ikiruka kila mara iondolewe ya ampea 16 iwekwe ya 32, ni ushauri wa hatari kuliko karibu mwingine wowote unaohusu umeme wa nyumbani. Breka mpya haitaruka, na watu watamsifu fundi, ilhali waya ule ule mwembamba sasa unaruhusiwa kubeba mara mbili ya awali. Moto wa namna hii huanzia darini, juu ya dari ya mbao, na mpaka harufu ifike chini muda umekwisha kupita.

Suala la dari lilinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Majedwali ya ukubwa wa nyaya katika kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo mzee alifundishwa kwazo, yamepangwa kwa hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi. Waya wa milimita za mraba 2.5, ukiwa ndani ya paipu na hewa ikiwa nyuzi 30, unapewa ampea 24. Sasa fikiria nafasi iliyo chini ya mabati saa nane mchana, mwezi wa pili, hapa Tanga. Hewa ya huko hufika nyuzi 50 bila shida, na majedwali yale yale yanasema kwamba kwa nyuzi 50 uzidishe kwa 0.71 ukitumia waya wa kawaida wenye ganda la PVC. Ampea 24 zinageuka kuwa 17. Fundi anayepachika breka ya ampea 20 kwenye waya wa 2.5 unaopita chini ya mabati anafuata mazoea yanayofaa nchi za baridi, na waya wake haulindwi. Kwa kiyoyozi na pampu tuliweka breka za ampea 16, za aina ya C, ambayo huvumilia mvuto mkubwa wa ghafla ambao mota huuhitaji inapoanza kuzunguka. Kwa shawa, ambayo huvuta ampea 24, mzee aliweka waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 25, kisha akaupitisha waya huo ukutani chini ya dari badala ya kuurusha juu. Njia hiyo ilitugharimu paipu zaidi na kazi ya kuchimba ukuta, na mama alilalamikia vumbi kwa muda.

Kuhusu ununuzi wa nyaya nitasema machache. Waya wa 2.5 ulio halali kwa kawaida una nyuzi saba za shaba, kila uzi ukiwa na upana wa karibu milimita 0.67. Kuna nyaya madukani zenye maandishi sahihi kwenye ganda na nyuzi nyembamba ndani, na nyingine ambazo ukikwangua uzi kwa kisu rangi ya shaba inatoka na kuonyesha weupe wa alumini. Kwanguzo moja la kisu mbele ya muuza duka linatosha. Alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, nayo itafutwe, ingawa mimi siitegemei peke yake.

Sasa ethi, ambayo ndiyo iliyobadilisha mpango wetu wote.

Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za hapa, mtu akienda kufungua friji huvaa kandambili kwanza. Tulikua tukijua kwamba friji "linapiga shoti" kidogo, hasa sakafu inapokuwa na maji, na kandambili zilikaa pale mbele ya friji kama sehemu ya samani. Hakuna aliyeliona kuwa ni jambo la kuitia fundi. Mzee alipofungua ile soketi ya friji alikuta waya wa ethi umekatwa zamani na kukunjwa nyuma, pengine na mtu aliyekuwa na haraka. Mvujo mdogo wa umeme kutoka kwenye kompresa haukuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mkono wa mtu. Kurudisha waya ule kulikuwa kazi rahisi. Swali gumu lilikuwa kwamba ukishaurudisha, unaelekea wapi?

Kwetu mtaani umeme huingia nyumbani kwa nyaya mbili, wa moto unaouleta na nyutro unaourudisha. Ethi ni ya mwenye nyumba mwenyewe, rodi ya chuma iliyopakwa shaba na kupigiliwa ardhini. Rodi yetu ilipigiliwa kwenye ardhi ya matumbawe, na kwa kipimo cha mzee ilikuwa na ukinzani, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita, wa ohm 180. Watu wengi wanaamini kwamba ethi ikiwepo, umeme ukigusa mwili wa kifaa breka itajikata. Tufanye hesabu. Volti 230 zikigawanywa kwa ohm 180 zinatoa ampea 1.28. Breka ya ampea 16 haitashtuka kwa ampea moja na kitu. Itaona ni taa kadhaa zimewashwa. Maana yake ni kwamba waya wa moto ukigusa bati la kiyoyozi au la pampu, kifaa kitaendelea kufanya kazi, breka itatulia mahali pake, na bati lile litakuwa na karibu volti 230 zikimsubiri mtu wa kwanza mwenye miguu mitupu. Hata ethi nzuri ya ohm 50 ingepitisha ampea 4.6 tu, ambazo nazo breka haizijali.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao utawagusa wanaolalamika kwamba uniti za LUKU, umeme unaolipiwa kabla, zinaisha bila sababu. Ampea 1.28 kwa volti 230 ni wati 294. Zikivuja usiku na mchana ni uniti 7 kila siku zinazokwenda kupasha joto udongo. Simaanishi kwamba kila uniti inayopotea imepotelea ardhini, kwa kuwa friji lenye mpira wa mlango uliochakaa nalo hula sana, lakini ukizima vifaa vyote ndani ya nyumba huku swichi kuu ikiwa imewashwa na mita ikaendelea kuhesabu, mvujo ni jambo la kwanza la kutafutwa.

Dawa yake haiko katika rodi peke yake. Iko katika kifaa ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCCB. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Viwili hivi vikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake kuna umeme umepotelea njiani, nacho hukata kabla ya theluthi moja ya sekunde kupita. Mwili wa mtu una ukinzani unaokadiriwa kati ya ohm 1,000 na 2,000 kwa volti hizi, kwa hiyo mtu akiushika waya wa moto, miliampea 150 hivi zinaweza kumpitia, nazo zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Breka haina habari na kiasi kidogo kama hicho. RCCB hukiona mara moja. Lakini RCCB nayo haitambui saketi iliyozidiwa mzigo, na kwa sababu hiyo kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Bodi yetu ya zamani haikuwa na RCCB wala mahali pa kuiweka. Zile nafasi mbili tupu hazikuwa na faida tena. Tuliinunua bodi mpya yenye nafasi 12 na RCCB mbili. Mzee alisisitiza mbili kwa sababu ya mama. Pampu na shawa, vifaa vinavyokaa na maji, viliwekwa chini ya moja. Taa, friji na kiyoyozi chini ya nyingine, ili maji yakiingia kwenye pampu usiku mama asibaki gizani. Rodi nazo ziliongezwa mbili, zikapangwa mbali na ile ya kwanza kwa zaidi ya urefu wa rodi moja, kwa kuwa rodi zilizosongamana hugombea udongo ule ule. Ukinzani ulishuka hadi ohm 60. Jirani alishauri tumwage chumvi kwenye shimo. Chumvi hushusha ukinzani kweli, kisha mvua huiondoa na rodi hubaki inaliwa na kutu, na katika mji ambao upepo wa bahari tayari unakula mabati na bawaba za milango sikuona sababu ya kuisaidia kutu.

Siku ya kubadilisha bodi palikuwa na jambo moja ambalo mzee alilirudia mpaka nikaona ananichosha. Swichi kuu ikizimwa, bodi haijafa. Nyaya zinazotoka kwenye mita kuja juu ya swichi kuu bado zina moto kamili, na mita yenyewe na lakiri yake ni mali ya TANESCO, haiguswi na fundi wala na mwenye nyumba. Kwa kuwa tulikuwa tunaubadilisha waya huo huo, ilibidi tuombe umeme ukatwe kutoka nje, na kazi ikasubiri mpaka ukakatwa. Hata baada ya hapo mzee alipima: kwanza alikijaribu kipimo chake mahali penye umeme ili ajue kinafanya kazi, kisha akapima bodi, kisha akakijaribu tena. Hakutumia ile tesita ya bisibisi yenye kitaa kidogo, ambayo betri au kitaa chake kikifa hukuambia pako salama. Kisha akaniuliza kama tuna sola, inveta au jenereta. Hatuna. Aliniambia nyumba nyingine huwa na jenereta inayochomekwa kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili, ambapo fundi hufungua bodi iliyokatwa kwenye nguzo na kukuta umeme unamjia kutoka chumba cha nyuma, na huo huo unaweza kupanda mpaka kwa mtu aliye juu ya nguzo. Jenereta hustahili swichi yake ya kubadilisha, inayokata njia moja kabla ya kuunganisha nyingine.

Ndani ya ukuta palikuwa na rangi za kila namna. Saketi za zamani zilifuata mtindo wa Kiingereza wa kale, wa nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro. Nyaya mpya ni za kahawia na buluu. Rangi hazikuaminiwa, kila waya ulipimwa. Kipimo hicho ndicho kilichofichua kwamba taa za barazani ziliazima nyutro kutoka saketi ya soketi, jambo ambalo bodi ya zamani haikulijali, lakini ambalo lingekuwa balaa kwa RCCB mbili: umeme ungetoka kupitia moja na kurudi kupitia nyingine, na zote zingekata kila taa ya baraza inapowashwa. Wengi hufikishwa hapo, wakaamini RCCB ni mbovu, wakaiondoa. Mzee alivuta nyutro mpya ya baraza na kila kundi likapewa baa yake ya nyutro.

Kilichomchukua muda mrefu kuliko nilivyodhani ni kukaza skrubu. Kiungo kilicholegea hakimshtui RCCB wala breka, kwa sababu umeme hauvuji na hauzidi. Hupata moto tu. Kiungo chenye nusu ohm kikipitisha ampea 20 hutoa wati 200 za joto katika sehemu isiyozidi ukucha. Hewa ya chumvi huharakisha uchafu wa kijani kwenye shaba, kwa hiyo kila ncha ilisafishwa kabla ya kubanwa, na kila waya ulivutwa kwa mkono baada ya kubanwa. Nafasi zilizobaki zilizibwa kwa vizibo vyake, kwa sababu mjusi akiingia na kukaa kwenye baa ya shaba hufa yeye na huweza kuzima nyumba nzima.

Kabla ya kuwasha, vifaa vyote vilichomolewa na kila saketi ikapimwa ganda la nyaya zake kwa volti 500, kuona kama linavujisha umeme. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohm 1. Saketi mpya zilizidi sana, ile ya zamani ya baraza ilipita kwa shida, na mzee akaiandika kuwa ya kubadilishwa. Ndani ya mlango wa bodi alibandika karatasi yenye jina la kila saketi, ukubwa wa waya na ampea za breka. Alinionyesha pia kitufe cha kujaribia kwenye RCCB, kinachobonywa kila baada ya miezi michache ili uhakikishe kwamba bado inakata.

Masika yalipoingia, RCCB ya upande wa maji ilikata alfajiri moja baada ya mvua ya usiku kucha. Taa ziliwaka, friji liliendelea, na mama hakujua mpaka alipotaka kuoga. Maji yalikuwa yameingia kwenye boksi la kiungo cha pampu nje, ambalo kifuniko chake kilikosa mpira. Mzee alileta boksi lisilopitisha maji, akaingiza nyaya kwa upande wa chini, akapima ganda la saketi ile tena kwa volti 500, akaandika tarehe na kipimo kipya kwenye karatasi ya mlangoni.